Maisha ya Daktari John Boyd Orr, Mganga Aliyepima Njaa

Wasomaji wa gazeti letu wamekwisha kuzoea kukuta katika kurasa hizi maisha ya watu wakubwa: majemadari, wasafiri, washairi na viongozi wa nchi. Muhula huu nimeomba nafasi niandike habari za mganga. Jina lake ni John Boyd Orr, mtu wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka wa 1880 akafa mwaka wa 1971. Hakugundua dawa wala sindano. Kazi yake ilikuwa kupima: kupima chakula kinachoingia mwilini, kupima kazi inayotoka, na kupima kile mwili unachopoteza pale ambapo vitu hivi viwili havilingani. Sehemu moja ya kazi hiyo ilifanyika Kenya, kwa jirani zetu, na matokeo yake yamebishaniwa tangu siku zile.

Nina sababu ya kumchagua mtu huyu. Mimi nafundisha elimu ya viumbe hapa shuleni, na pamoja na hiyo nimepewa usimamizi wa jiko. Kila tunapozungumza na wazazi juu ya mchango wa mahindi na maharage, hakosi mzee wa kusimama akasema, kwa upole kabisa, kwamba watoto wa Murukulazo wamezoea. Mtoto wa huku hushuka kilima akapanda kingine kuja shule, tumboni mna uji au hamna kitu, jioni hushika jembe au hutafuta kuni, na bado yu mzima na anacheka. Wanafunzi wenyewe husema hivyo hivyo, tena kwa majivuno. Siwalaumu. Ni kweli mwili huzoea. Lakini huzoea kwa gharama gani, na gharama hiyo hulipwa na nani? Simjui mtu aliyelifuata swali hili kwa bidii kuliko Orr.

Alizaliwa tarehe 23 Septemba 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, upande wa magharibi ya Uskoti, katika nyumba ya watoto 7. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe, mtu wa dini sana. Walikuwa na mali kiasi, hata siku moja meli ya baba yake ikapotea baharini, wakalazimika kuuza nyumba na kuhamia West Kilbride. Huko ndiko John alikokulia. Alipokuwa na miaka 13 alipelekwa shule kubwa ya Kilmarnock. Karibu na shule ile palikuwa na machimbo ya baba yake, na kijana akapendezwa zaidi na wapasua mawe kuliko na walimu. Akajifunza kwao matusi mengi ya kila namna. Baada ya miezi 4 hivi baba akamrudisha nyumbani, akamalizia masomo katika shule ya kijiji, na hapo akawa mwanafunzi-mwalimu: anasoma huku anafundisha wadogo, kwa mshahara wa paundi 10 kwa mwaka mzima.

Alipofikia miaka 19 alipata msaada wa masomo akaenda Glasgow kusomea ualimu katika chuo na Chuo Kikuu. Glasgow siku zile ulikuwa mji wa utajiri mkubwa, wenye viwanda vya meli vinavyojulikana duniani kote. Jioni kijana huyu alikuwa akitembea katika mitaa ya maskini, akaona watoto wenye miguu iliyopinda kwa matege, wanawake waliozeeka kabla ya wakati, na wanaume wafupi wembamba. Alikuwa amekulia shamba, akiwajua wapasua mawe wenye vifua vipana. Watu hawa wa mjini walikuwa wa taifa lile lile, lugha ile ile, wengine hata jamaa za watu wa shamba. Kwa nini basi miili yao ilikuwa mbalimbali?

Alipohitimu akapewa darasa katika mtaa wa namna hiyo. Watoto walikuwa wengi kupita kiasi, wamevaa matambara, wana chawa, na wana njaa. Baada ya siku chache tu aliacha kazi, maana aliona hakuna awezalo kuwafundisha watoto katika hali ile. Wapo watakaosema alikimbia. Mimi, niliyesimama mbele ya darasa saa 8 mchana na kuona vichwa vikilala juu ya madawati, namwelewa, ingawa naona vilevile kwamba si kila mwalimu ana mahali pengine pa kwenda. Yeye alikuwa napo. Alifundisha miaka 3 katika mji mdogo wa Saltcoats, ndipo akarudi Chuo Kikuu kusoma biolojia na uganga. Fedha za ada alizipata kwa njia ya ajabu: alinunua nyumba ya kupangisha kwa fedha za mkopo, akaishi kwa kodi za wapangaji. Akahitimu uganga mwaka wa 1912, ana miaka zaidi ya 30 na deni benki. Ili kulipa deni alijiandikisha kuwa mganga katika meli ya biashara iliyokuwa ikienda Afrika ya Magharibi, akakaa humo miezi 4.

Aliporudi angaliweza kufungua chumba cha uganga na kuwa mtu wa raha. Akachagua utafiti, akawa mwanafunzi wa E. P. Cathcart wa Glasgow, mtaalamu wa habari za mwili usiopata chakula. Hapa ni lazima nisimame kidogo nieleze walichokuwa wakikitafuta.

Mtu asipokula, mwili haukai kimya kungoja. Kwanza hutumia akiba ya sukari iliyo katika ini, nayo huisha upesi, kama siku moja hivi. Kisha huanza kuchoma mafuta. Walakini ubongo unadai sukari, na sukari haitengenezeki kwa urahisi katika mafuta. Basi mwili huvunja misuli yake wenyewe ili kuitengeneza. Ni kama mtu anayechomoa boriti za nyumba yake apate kuni za kupikia. Siku zikiendelea, mwili hujifunza kubana matumizi: moyo hupiga polepole, joto hupungua, na mtu hukaa kitako muda mrefu bila kujua kwamba anajipumzisha. Watu wakimwona husema ni mvivu. Mtoto naye ana njia nyingine ya kubana matumizi ambayo mtu mzima hana: huacha kukua.

Mambo haya yalikuja kupimwa kwa ukamilifu zaidi huko Marekani mwaka wa 1944 na 1945. Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana 36 waliojitolea, wenye afya nzuri, akawapa chakula pungufu kwa majuma 24 huku wakitembea mwendo mrefu kila juma. Wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Nguvu ambayo mwili hutumia ukiwa umelala tu ilipungua kwa karibu sehemu 40 katika 100. Hawakufa, walizoea. Lakini kupanda ngazi kuliwashinda, vitabu walivyokusudia kusoma hawakuvisoma, na mazungumzo yao yote yakawa chakula. Nikisoma habari za vijana wale huwakumbuka wanafunzi wangu wa saa 8 mchana.

Turudi kwa Orr. Tarehe 1 Aprili 1914 alifika Aberdeen, kaskazini mwa Uskoti, kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa chakula. Alipouliza taasisi iko wapi aliambiwa kwamba bado haipo. Palikuwa na mpango wa karatasi tu na paundi 5,000 za kujengea banda la mbao. Akaandika mpango wake mwenyewe wa paundi 50,000. Wakubwa walipokataa, alizichukua zile 5,000, akaanza kujenga kwa mawe magumu badala ya mbao, upande mmoja wa jengo kubwa alilokuwa nalo katika fikira zake. Miezi michache baadaye vita kuu ya kwanza ikaanza.

Katika vita alikuwa mganga wa askari wa miguu huko Ufaransa. Alipata nishani kwa ushujaa wake katika mapigano ya Somme, na nyingine kubwa zaidi katika yale ya Passchendaele, maana alikuwa akitoka nje chini ya risasi kuwafuata majeruhi. Mimi napenda zaidi habari nyingine ya siku zile, isiyopewa nishani. Askari walikaa katika mahandaki yenye matope, wakila nyama za kopo na biskuti ngumu. Magonjwa yalikuwa yakiwaondoa watu kwa wingi, na miguu yao ilioza kwa unyevu. Orr alikagua viatu na miguu. Kisha aliwatuma watu kwenye mashamba na bustani zilizoachwa na wenyeji waliokimbia, wakachuma mboga, wakaziongeza katika chungu cha askari. Batalioni yake ikawa na wagonjwa wachache mno. Hapa tunao watu wengi wanaodhani mboga ni kitoweo cha asiyekuwa na kitu. Na wajue kwamba yalikuwapo majeshi yaliyosimama kwa mboga.

Karibu na mwisho wa vita alipelekwa kwenye manowari kwa muda, kisha akaitwa kufanya kazi tena na Cathcart. Safari hii walitakiwa kujua ni nguvu kiasi gani kijana anatumia akifanyiwa mazoezi ya uaskari. Askari alibebeshwa mfuko mgongoni, na pumzi anazotoa zikapita katika mpira hadi mfukoni. Alipokwisha kutembea na mzigo wake, hewa ile ilipimwa ijulikane oksijeni iliyotumika. Na kwa kuwa mwili huchoma chakula kwa oksijeni, hesabu ya hewa huwa hesabu ya chakula. Kwa njia hiyo waliweza kuandika, kazi kwa kazi, kusimama kunadai nini, kutembea kunadai nini, na kutembea na mzigo mgongoni kunadai nini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1919. Nakumbuka kazi hii kila ninapofikiri juu ya wazee wa Bugufi, hapa Ngara, waliokuwa wakienda Buganda kwa miguu kutafuta kazi za mashamba zamani za wakoloni, siku nyingi njiani, chakula chao kikiwa katika furushi dogo. Hakuna aliyewavisha mfuko wa kupima pumzi. Lakini hesabu yao ilikuwa ile ile, na mwili uliilipa njiani.

Taasisi ya Aberdeen ilifunguliwa rasmi mwaka wa 1922, ikaitwa Rowett kwa jina la tajiri aliyetoa fedha za kununulia kiwanja. Miaka ya kwanza Orr alishughulika sana na wanyama: mbuzi, kondoo, ng'ombe, na madini yaliyo katika majani wanayokula. Wafugaji wetu wanajua kwamba ng'ombe hutafuta udongo wa chumvi aurambe. Orr alitaka kujua anatafuta nini ndani ya udongo ule, na habari hiyo ikamleta mpaka Kenya katika miaka ya 1920.

Alipokuwa akitazama ng'ombe, aliwatazama na watu. Kenya palikuwa na mkuu wa uganga wa serikali, J. L. Gilks, aliyekuwa na wasiwasi juu ya afya ya vibarua wa Kiafrika. Wakaafikiana kupima makabila mawili yanayoishi karibu karibu lakini yanakula vyakula mbalimbali. Wamasai walikula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walikula mahindi, mtama, maharage, viazi vitamu na ndizi. Maelfu ya watu walichunguzwa: kimo, uzito, meno, mifupa, damu, na nguvu za mkono kwa chombo maalumu cha kubana. Habari za kwanza zilitoka mwaka wa 1927, na taarifa kamili mwaka wa 1931.

Matokeo yalisema kwamba kwa wastani mwanamume wa Kimasai alimzidi wa Kikikuyu kwa inchi 5, yaani karibu sentimita 13. Alimzidi uzito kwa ratli 23, yaani kilo 10 na kidogo, na nguvu za misuli kwa nusu nzima. Kwa Wakikuyu walikuta zaidi meno yaliyooza, mifupa iliyopinda, upungufu wa damu, vidonda na maradhi ya kifua. Wamasai nao hawakuwa wazima kabisa. Walisumbuliwa zaidi na maumivu ya viungo na kufunga choo.

Lipo jambo katika taarifa ile ambalo huwasomea wavulana wa jikoni kwetu. Wanawake wa Kikikuyu hawakupitwa na wanawake wa Kimasai kwa kiasi kile wanaume walivyopitwa. Sababu mojawapo waliyoiona wapimaji ni kwamba wanawake walikula majani mabichi kwa wingi pamoja na majivu yenye madini, vitu ambavyo wanaume waliona haviwafai. Majani yale yalikuwa na chokaa nyingi, ndiyo inayojenga mifupa. Wanaume walikataa dawa iliyokuwa imo chunguni mwao kwa sababu ya fahari tu. Mchicha, kisamvu na majani ya maboga tunavyo hapa pande zote za shule, na nimekwisha kuona sahani zikirudi na majani yamesukumwa pembeni.

Sasa nitasema neno la kumpinga shujaa wangu. Taarifa ile, kwa utaratibu wake wote wa kupima, iliacha kupima vitu vikubwa. Kwanza, haikuweza kutenga chakula na urithi: inawezekanaje kujua kwamba urefu wa Mmasai umetoka katika maziwa, wala si kwa baba na mama yake? Pili, vijana wa moran walikuwa kundi linalokula vizuri kuliko wote katika Umasai. Tatu, na hili ndilo zito, Wakikuyu hawakuwa wakila chakula kile kwa kupenda tu. Ardhi yao nyingi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi. Walitakiwa kulipa kodi, na ili kuipata kodi wanaume waliacha mashamba yao wakaenda kulima ya wengine. Mwanamume aliyepimwa mikono akaonekana dhaifu huenda alikuwa amefanya kazi ya mwezi kwa posho ya unga. Katika taarifa tunaona njaa ikiwa na sababu moja, desturi ya chakula. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliyarudia mambo haya mwaka wa 1997 akaonyesha jinsi watafiti wale walivyoisoma vibaya hali ya makabila yote mawili. Naona ana haki. Mzani haudanganyi, lakini huonyesha uzito wa kile tu kilichowekwa juu yake.

Lile swali la urithi, hata hivyo, Orr alilijibu nyumbani kwake katika miaka ile ile. Walichukuliwa watoto wa shule katika miji 7 ya Uskoti na mji wa Belfast, wote watoto wa wafanyakazi, wakagawanywa makundi. Wengine walipewa maziwa kamili kila siku, wengine maziwa yaliyotolewa mafuta, wengine biskuti zenye kalori sawa, na wengine hawakupewa kitu. Walipopimwa tena baada ya miezi 7, waliokunywa maziwa, ya mafuta na yasiyo ya mafuta, walikuwa wamekua kwa kimo na uzito haraka zaidi kuliko wenzao, kwa kadiri ya sehemu 20 katika 100. Wa biskuti hawakupata faida hiyo. Hapa hapakuwa na Mmasai wala Mkikuyu; palikuwa na watoto wa mtaa mmoja. Ufupi wao haukuwa umbile. Ulikuwa ni mwili unaobana matumizi, na ulipopewa kilichokosekana uliendelea na kazi yake ya kukua.

Mfano wa biskuti unatuhusu sana. Tumbo lililojaa uji wa muhogo limepata kalori, nalo litamsukuma mtoto mpaka kengele ya mwisho. Kukua ni habari nyingine. Kunataka protini, madini na vitamini. Sisi hatuna maziwa ya kutosha mamia ya wanafunzi, wala simdai mtu maziwa. Tunayo maharage, ambayo udongo wa Ngara na Biharamulo huyatoa kwa ukarimu, na tunao dagaa wa Ziwa Victoria. Ndiyo sababu nabishana sana juu ya debe la maharage kuliko juu ya gunia la mahindi. Hesabu za taifa za mwaka wa 2022 zilionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wafupi kuliko inavyopasa umri wao. Baadhi yao watakuja kukaa katika madawati yetu, nasi tutasema ni watu wa umbo dogo.

Kuanzia mwaka wa 1934 watoto wa shule Uingereza waliuziwa maziwa kwa bei ndogo sana, na baada ya vita ya pili, mwaka wa 1946, wakapewa bure. Orr hakutosheka. Mwaka wa 1936 alitoa kitabu kilicholeta kishindo kuliko kazi zake zote. Aliwagawanya watu wa Uingereza katika makundi 6 kwa kadiri ya mapato yao, akaweka mbele ya kila kundi chakula kilicholiwa. Ikaonekana kwamba karibu nusu ya taifa hawakuwa na fedha za kununua chakula cha kuwapa afya kamili, na kwamba sehemu kama 10 katika 100, walio maskini kabisa, walipungukiwa na kila kitu kinachotakiwa na mwili. Nchi ile ilikuwa ikitawala robo ya dunia! Serikali haikupendezwa na habari ile. Lakini tazama tofauti: nyumbani aliweka mishahara na bei juu ya mzani pamoja na chakula. Kenya hakuweka ardhi wala kodi. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na sina la kumtetea ila kwamba kitabu cha pili kilikuja baada ya taarifa ya kwanza, na huenda mtu hujifunza.

Vita ya pili ilipokuja, mawazo yake yaliingia katika mgao wa chakula: maziwa kwa wajawazito na watoto kwanza, mkate, viazi na mboga kwa wote. Watu wengi maskini wa Uingereza walikula vizuri zaidi katika vita kuliko walivyokula katika amani. Yeye mwenyewe vita ilimchukulia mwanawe wa pekee, aliyekuwa rubani.

Mwezi wa Oktoba 1945 mataifa yalikutana Quebec, Kanada, kuunda Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Orr alikuwa na miaka 65 na alikwenda kama mshauri tu; akarudi akiwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika hilo. Dunia ilikuwa na njaa. Akatunga mpango mkubwa: iwepo bodi ya chakula ya dunia nzima, yenye maghala ya akiba. Mavuno yakizidi bodi inunue ili mkulima asiangamizwe na bei. Yakipungua itoe ili mlaji asife. Mkulima yeyote wa kahawa katika Kagera anaweza kuufahamu mpango ule bila kufundishwa. Marekani na Uingereza ziliukataa mwaka wa 1947, na mwaka wa 1948 Orr akaondoka katika shirika. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akazitoa fedha zake kwa vyama vya kutafuta amani. Alipewa pia cheo cha ubwana, ambacho sioni haja ya kukieleza.

Mpango wake haukufa wote. Mwaka wa 1961 shirika lile alilolianza, pamoja na Umoja wa Mataifa, liliunda Mpango wa Chakula Duniani. Haukuwa bodi ya kutawala bei kama alivyotaka. Ulikuwa mkono wa kutoa chakula penye shida. Watu wa Ngara waliuona mkono huo kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakatua Benaco, na chakula kikaanza kuja kwa malori. Kipimo cha kuanzia kinachotumiwa siku hizi katika kambi za wakimbizi ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Hesabu za namna hiyo zina asili yake katika kazi kama zile za vijana waliotembea na mifuko ya pumzi migongoni.

Orr alirudi katika shamba lake karibu na mji wa Brechin, akasafiri nchi nyingi akihubiri amani na chakula, akaandika habari za maisha yake mwaka wa 1966. Alifariki nyumbani tarehe 25 Juni 1971, akiwa na miaka 90. Taasisi aliyoianza kwa kuta za mawe mwaka wa 1914 iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Aberdeen mwaka wa 2008, na watafiti wa huko wangali wanapima.